Mtoto wa Kijani Kwenye Ukurasa wa Chanjo

Simu ilinguruma chini ya mto usiku wa manane, roho ikanipasuka, kumbe ni Sista wa kliniki, yuko zamu, ndiyo kwanza afungue ukurasa wa chanjo wa mtandaoni niliowatengenezea. “Mtoto wa kwenye picha mbona ana madoa ya kijani? Kinamama wakiona hivi, nani ataleta wake achanjwe? Rekebisha kabla ya mchana, la sivyo nauondoa.” Mtoto mwenyewe ni wangu, na kazi hiyo ndiyo ya kwanza tangu nijifungue. Asubuhi nikambeba mgongoni, kompyuta kwapani, mbio hadi kijiweni, kwenye benchi la kahawa nje ya duka la kutoa kopi la Injinia, rafiki wa mume wangu. Alikuwepo pia kinyozi tunayemwita Waziri, asiye na wizara ila ana tamko kwa kila jambo.

— Shemeji, mbona unahema hivyo? — Injinia akauliza.

Nikawaeleza, nikawaonyesha. Kwenye kompyuta yangu mashavu yalikuwa laini, hayana hata kipele.

— Mzima kabisa! — akasema Waziri. — Sista apimwe macho.

— Si macho, ni nyaya — akasema Injinia. — Shaba ikipata unyevu inageuka kijani. Picha imepita humo, imechafuka.

— Basi na sauti kwenye simu zingefika na kutu.

— Yako inafika na kutu. Muulize mkeo.

Nikacheka huku machozi yananitoka, maana jua lilikuwa linapanda.

— Sikilizeni — Waziri akaweka kikombe chini. — Virusi vya kompyuta vimekutana na vya mafua pale kliniki. Vimeoana.

— Sasa achanjwe nani, mtoto au kompyuta? — akauliza Injinia.

— Wote! Mtoto begani, kompyuta pale inapochomekwa umeme.

Dada mmoja ambaye hatukumjua, aliyekuwa akisubiri kopi zake, akaingilia:

— Samahanini. Hiyo kompyuta ya kliniki inaonyesha rangi ngapi?

Waziri akachungulia kikombe chake.

Nikampigia Sista, nikamwelekeza pa kubonyeza, akanisomea: rangi mia mbili hamsini na sita. Yangu inaonyesha mamilioni, na picha nimeipamba humo humo, sikuwahi kuiangalia kwingine! Mashine ya zamani ikikosa rangi ya shavu, inapanga nukta za rangi ilizo nazo, kijani ikiwemo, ikijaribu kuiga. Kumbe mashine tu ndiyo iliyoishiwa rangi.

— Nachora upya, rangi chache, zile ambazo hata mashine kuukuu inazo — nikasema. — Ila nitaijaribia wapi? Kliniki ni mbali.

Injinia akakohoa, akatazama barabarani kwanza.

— Ingia ndani, shemeji. Jaribia kwenye yangu.

— Si ulisema ni mpya?

— Kasha ndilo jipya.

Tukafungua ukurasa. Kijani! Sijawahi kufurahia uso mbaya namna ile. Waziri akampokea mwanangu aliyeanza kulia, akawa anamtolea matamko hadi akanyamaza, nami nikachora: shavu rangi moja, bila kivuli, nywele nyeusi, kofia ya njano. Mara ya kwanza shavu likatoka na vidoa. Nikachagua hudhurungi nyingine. Mara ya pili likatoka safi kama limeoshwa, nikatuma kliniki.

Sista akapiga.

— Amepona — akasema. — Nauacha ukurasa.

Nikakaa sakafuni palepale, katikati ya makaratasi.

Injinia akachuchumaa karibu yangu, sauti chini.

— Shemeji, wateja wananijua kwa mashine ya kisasa. Hizi habari za rangi mia mbili…

— Leo umeniokoa — nikamwambia. — Nakuahidi, simwambii mtu mwingine.