Mguu Wangu Juu ya Gunia la Chumvi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na ninyi mliosimama nje dirishani, nanyi pia, Bwana asifiwe!

Mimi ni Baba Edga, mwenye chumvi hapa Kilwa Kivinje. Asiyenijua mimi ameshaonja chumvi yangu. Shule niliishia darasa la nne huko milimani Umatumbini, lakini ushuhuda huu nimeuandika kwa mkono wangu mwenyewe. Niwieni radhi, nautoa nimekaa, mguu juu ya kiti. Siyo dharau. Mtaelewa.

Nilishuka pwani sina hata ndala. Nilibeba chumvi ya watu kichwani mpaka nikachimba majaruba yangu ya kugandishia maji ya bahari, kwa jembe, bila mkopo, bila mjomba serikalini. Leo ninayo kumi na mawili! Na sifa yangu kubwa ilikuwa moja: mimi sikai. Vibarua wakija alfajiri wananikuta nimesimama, wakiondoka wananiacha nimesimama. Niliwaambia kiti ni cha mgonjwa.

Ndugu zangu, mguu wa kushoto ukaanza kuvimba. Asubuhi umenywea, jioni umejaa. Mishipa ikatokeza kama kamba chini ya ngozi. Juu ya kifundo, upande wa ndani, pakawa peusi, pagumu, panawasha. Siku moja nikajigonga na beleshi, kijeraha kama punje ya hindi. Hakikufunga. Kikawa kama sarafu, kikawa kama kifuniko cha chupa ya chai.

Mnajua sisi watu wa chumvi tunavyojitibu. Ukiumia, unatumbukiza mguu jarubani, kwenye yale maji mazito yanayokaribia kuganda. Chumvi inakausha samaki, itashindwa na kidonda? Kila siku nilitumbukiza, nang'ata kofia nisipige kelele mbele ya vibarua. Nikitoka hapo namwagia unga wa vidonge vya rangi mbili. Mwaka mzima! Nyama inaungua, maji yanatoka, Mama Edga anafua shuka kila asubuhi. Hapa kanisani nilikuwa nasimama nje, dirishani, mkadhani nina shughuli nyingi. Nilikuwa nanuka, ndugu zangu!

Na dhambi yangu ni hii. Jirani yangu wa majaruba ni Mzee Selemani. Nikaamini amenifukia kitu langoni kwangu, nami nimekikanyaga. Nikalisema hilo sokoni, watu wanasikia. Salamu nikamkatia. Hospitali sikwenda, maana niliambiwa mguu wa namna ile wanaukata. Mwenye chumvi wa mguu mmoja! Bora nife, nikasema.

Siku moja Mama Edga akaweka beseni chini. "Baba Edga, mimi niliolewa na mwanaume wa miguu miwili. Panda pikipiki."

Nikapanda.

Kituo cha afya nikamkuta nesi Zuhura, binti mdogo kabisa. Nikamweleza kwamba nimetegewa. Hakubisha. Alinipima sukari, akashika mapigo ya damu juu ya wayo, miguu yote miwili. Kisha akaniuliza, "Baba, bahari ikijaa sana siku za bamvua, ikajaza maji majarubani, unafanyaje yasirudi baharini?"

"Nashusha lango."

"Na lango likioza?"

"Maji yanarudi, yanatuama, yanakula kingo."

"Haya. Mishipa inayorudisha damu juu nayo ina malango. Ya kwako yamechoka, na wewe unasimama kutwa. Damu inatuama mguuni, inakula ngozi. Sasa nani amekutegea?"

Haleluya! Miaka yote hii nashusha malango na kuyapandisha, mguu wangu mwenyewe siujui!

"Na chumvi?" nikauliza.

"Chumvi kaiweke kwenye papa, baba, siyo kwenye nyama yako."

Akakiosha kidonda kwa maji safi, akakifunika, akafunga bandeji ya kuvutika tangu vidoleni hadi chini ya goti, chini imebana kuliko juu. Akanionya nisimfunge mtu mwingine hivyo kabla hajapimwa mapigo, maana wako ambao damu haishuki vizuri, na kuwabana ni kuwaua mguu. Kisha akatoa hukumu: mara kadhaa kila siku nilale, mguu juu kuliko moyo. Nikiinuka nitembee, nisisimame tu.

Mimi! Nilale mchana mbele ya vibarua! Ndugu zangu, ile chumvi haikuniuma hivyo. Nikatandika mkeka bandani, mguu juu ya gunia. Kibarua wa kwanza kuniona alidhani nimekufa.

Wiki ya pili, nimelala hivyo hivyo, mlangoni akatokea Mzee Selemani. Unyayo wangu unamtazama usoni! Kumwelekezea unyayo mtu aliyekuzidi umri ni tusi, na mimi nimeshamtukana vya kutosha. Nikataka kuushusha mguu. Nikakumbuka malango.

"Shikamoo, mzee. Nisamehe unyayo huu. Na nisamehe ya sokoni, nilikusingizia."

Akanitazama. "Marahaba. Mwaka mzima umenionyesha mgongo, leo wanionyesha unyayo. Usoni nako tutafika."

Akacheka mpaka akakaa. Tukanywa chai, mimi nimelala.

Ilichukua miezi, siyo siku. Lakini siku Zuhura alipofungua bandeji akakuta ngozi mpya, nyembamba kama ya mtoto, nililia, mimi mwenye majaruba kumi na mawili! Sasa kila asubuhi navaa soksi ya kubana kabla sijashuka kitandani, ngozi naipaka mafuta, naendelea kupumzisha mguu. Zuhura anasema hajapata mgonjwa anayefuata masharti kama mimi. Hayo siyo majivuno, ni taarifa.

Ndugu zangu, nilimwomba Mungu amwaibishe mwenye kunitegea. Akaniaibisha mimi, kisha akaniachia miguu yote miwili. Asante, Bwana! Asante, Mama Edga!

Wewe unayeficha kidonda ndani ya suruali au chini ya kitenge, umekaa hapo na bado unamtafuta mchawi: mwamini Mungu, nenda ukapimwe. Ukiona haya kwenda peke yako, pitia bandani kwangu. Nimenunua viti viwili. Kimoja cha kukaa, kimoja cha mguu.