Dympna Geraghty wa Lango la Ballinroe

Marehemu Dympna Geraghty alizaliwa tarehe 14 Mei 1938 katika nyumba ya mlinzi wa lango la mfereji, kijijini Ballinroe, akiwa mtoto pekee wa Mzee Cormac Tormey. Alisoma kwa watawa hadi umri wa miaka kumi na minne, kisha akarudi kumsaidia baba yake kufungua na kufunga milango ya kile chumba cha mawe kinachopandisha na kushusha mashua. Mzee alipofariki mwaka 1959, kazi ikawa yake.

Fintan Geraghty alikuwa akisafirisha kwa mashua mboji iliyokaushwa, ya kuchoma kama kuni. Siku moja alipita langoni mara nne, mashua tupu.
"Fintan, hujabeba kitu. Unatafuta nini?" Dympna alimuuliza.
"Chai," alijibu.
Walifunga ndoa Aprili 1960.

Mashua zilipokoma kupita, Ballinroe iligeuza mfereji kuwa jaa. Msiba hautatufanya tulifiche hilo. Matumbo ya kondoo, magodoro yanayonuka mikojo, vitoto vya mbwa vilivyofungwa guniani vikiwa hai: vyote majini. Kisha, mwaka 1974, watu wale wale wakaanza kukusanya sahihi ili mfereji ufukiwe, eti unanuka.

Jumapili iliyofuata, watu wakitoka Misa, Dympna alifungulia maji ya lango yakaisha yote. Chini kukaonekana.
"Funga, mama! Watoto wanaona!" alifoka Malachy Duignan, mwenye bucha, leso puani.
"Waone. Vichwa hivyo vya kondoo si vyako, Malachy?"
Kijana mmoja akaangua kicheko. "Na godoro lile la nani?"
"La kwenu. Muulize mama yako."

Hakuna aliyetia sahihi tena. Lango likabaki. Aibu, hata hivyo, haikudumu hata mwaka. Matumbo yakarudi majini.

Julai 2019 Dympna alikatwa mkono na kopo akichomoa nepi zilizokwama mlangoni. Homa iletwayo na mkojo wa panya ikaingilia kwenye jeraha, ikamharibu figo, akafariki tarehe 3 Agosti. Wapo wanaosema ni uzee. Si uzee.

Fintan alimtangulia mwaka 2003. Dympna ameacha mwana, Lorcan, binti, Attracta, na wajukuu watano.

Aliagiza asitupiwe maua majini. Tukitoka makaburini, Lorcan atafungulia maji. Mabuti na reki viko ukutani. Kila mtu ashuke akachukue kilicho chake.

Naye Dympna apumzike kwa amani, mahali ambapo mikono yetu haifiki kutupa kitu.