Kule Alikuwa Anaitwa Nani

Aliyemletea Loveness habari hizi mara ya kwanza ni Veronika, muuza ndizi, ambaye hushuka Himo kutoka Mwika kila siku ya soko. Alitua mkungu chini, akaomba kahawa, akasema Mama Davis amerudi juzi kutoka Kaza Moyo, ule mji wa machimbo ulioota porini kama uyoga, safari ya siku mbili, na amerudi mikono mitupu. Walikwenda kina mama sita wa mlimani, kila mmoja na picha ya mwanawe. Wiki tatu walilala kwenye sakafu ya kanisa, na mchana wakawa wanapita shimo kwa shimo wakiuliza. Loveness alimimina kahawa mpaka ikafurika mezani. Veronika alidhani ni huruma tu, maana pale Himo hakuna aliyejua baba wa mtoto aliyelala mgongoni mwa Loveness ni nani.

Benchi ambalo Loveness huliuzia kahawa liko nyuma ya kituo cha pikipiki za kwenda Mwika. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, na ukichelewa unakalia tairi. Wenyewe ni watatu. Kamishna ni mzee aliyewahi kuwa mgambo mwaka mmoja na mpaka leo hajastaafu. Shahidi ni dalali wa mahindi, na jambo lolote likitokea duniani, yeye alikuwepo. Kasi Ndogo anaendesha bodaboda, na abiria wake wenye haraka hushuka wakatembea. Mbele yao kuna nguzo ya umeme, na asubuhi ile Mama Davis alikuwa amebandika karatasi pale, yenye picha na maandishi makubwa: DAVIS ELISARIA MONGI, MIAKA 24, ALIKWENDA KAZA MOYO. ALIYEMWONA AMSAIDIE MAMA YAKE.

Picha hawakuihitaji. Kabla ya kuondoka mwaka jana, Davis alikuwa fundi tairi palepale, hatua ishirini kutoka kwenye benchi.

— Dogo hajafa huyu, alisema Kasi Ndogo. Veronika si katuambia? Mama kaenda mpaka makaburini, kasoma kila ubao, jina la Davis hamna. Kaburi hamna, msiba hamna. Hesabu ya darasa la pili hiyo.

— Sasa yuko wapi? aliuliza Kamishna.

— Kapata jiwe. Kauza, kabadilisha laini, anakula bata. Mtu akizishika hela kitu cha kwanza kupotea ni namba ya mama.

— Mimi nimemwona, alisema Shahidi.

Wenzake wakamgeukia polepole, kama watu wanaogeukia redio mbovu.

— Namanga, mwezi wa tano. Kafuga rasta, yuko kwenye gari jeupe, pembeni mwanamke mnene wa Kikenya, nyuma kuna mtoto. Nikampigia mluzi. Akapandisha kioo.

— Kama kafuga rasta ulimjuaje?

— Masikio. Watu wa Mwika mimi nawajua kwa masikio.

Loveness alichochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa. Simu ya Davis ilikuwa haipatikani tangu wiki ya Pasaka. Miezi yote hiyo alikuwa akijiambia kwamba mwanamume amemkimbia, yeye na mtoto, kama wengine wanavyokimbia. Jibu hilo lilimuuma, lakini alikuwa amelizoea, kwa sababu mtu anayekimbia yu hai. Hata yule mwanamke mnene wa Namanga angempokea, mradi ndani ya gari mle awemo Davis.

— We Loveness, alisema Kasi Ndogo, si ulikuwa unamwekea kikombe cha mwisho huyu? Hakukuaga vizuri?

— Aliaga wote, alisema Loveness.

— Kaaga wote, lakini kahawa ya mwisho kapewa nani?

— Mwache binti afanye kazi, alisema Kamishna. Nyie vijana hamjui kitu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ndiyo maana hawaonekani. Wameinama.

— Mzee, hiyo methali haiendi hapo.

— Inakwenda. Kule kuna matajiri wana waganga wao. Kijana anashushwa shimoni siku saba bila kuona jua. Siku ya nane hana ulimi wala njaa, anachimba tu. Mama yake anapita juu anaita mwanangu, mwanangu, yeye yuko chini anasikia, hawezi kuitika. Wote sita wako hivyo.

— Msukule?

— Neno hilo umelitaja wewe.

— Haya, msukule na gari jeupe la Namanga vinakutana wapi?

— Gari la tajiri. Katumwa.

Shahidi hakutaka kupitwa na mzee wa mgambo. Akasogea mbele ya benchi.

— Mimi niliyosikia ni mengine. Kuna shimo moja walichimba likapitiliza. Limeenda limeenda, likatokea Kenya. Vijana wakaibukia kwenye shamba la mtu, hawana hata kitambulisho. Wamewekwa ndani, wanangoja mkalimani.

— Shimo la kilomita mia nne?

— Haba na haba hujaza kibaba.

Walicheka, ila si sana, kwa sababu picha ilikuwa inawatazama. Hapo ndipo basi liliposhusha mtu mmoja, mwembamba, mwenye mfuko wa salfeti begani na kikohozi kikavu. Alimwamkia Kamishna shikamoo, akaomba kahawa, akasimama mbele ya nguzo. Karatasi fupi ile aliisoma muda mrefu.

— Huyu alikuwa Kaza Moyo?

— Karibu mwaka, alisema Kasi Ndogo. Kwani we unatokea huko?

— Natoka huko, naelekea kwetu Tarakea. Kifua kimekataa. Kule alikuwa anaitwa nani?

— Si imeandikwa hapo? Davis.

— Hilo ni la mama yake. Kule alikuwa anaitwa nani?

Kamishna alisafisha koo. Shahidi, aliyekuwepo kila mahali, akawa anatazama viatu vyake.

— Sisi hapa tulimwita Davi, alisema Kasi Ndogo, na sauti yake ilikuwa imepungua.

— Davi simjui. Kule mtu akifika anapewa jina siku ya kwanza, la nyumbani linabaki kwenye begi. Mimi ni Kilo Moja. Msimamizi anakuandika hivyo kwenye daftari la kushuka, mama ntilie anakujua hivyo, na ukifa unaandikwa hivyo. Wale kina mama niliwaona. Wanatuuliza Elisifa, wanatuuliza Jesse, wanatuuliza Davis. Tunatikisa vichwa. Na hatukuwa tunadanganya.

Kasi Ndogo alinyoosha kikombe apate kitu cha kufanya. Birika likatoa matone mawili na machicha. Wakainuka mmoja mmoja, kila mtu na safari yake ya ghafla.

Loveness alikuwa na jina hilo mdomoni tangu swali lilipoulizwa mara ya kwanza. Davis alimwambia kwenye simu huku akicheka. Lakini kulitamka pale benchini ingekuwa kuwaambia wote mtoto ni wa nani, kabla mama mwenyewe hajaambiwa. Loveness ni mtoto wa watu wa kuja, waliokuja kukata miwa, na Davis alikuwa amemwomba angoje. Desemba, alisema, watu wote wakipanda mlimani kwa Krismasi, nitakupeleka Mwika mimi mwenyewe, mchana kweupe.

Aliacha birika, akamfuata yule mtu mpaka kwenye magari ya Tarakea.

— Kaka, samahani. Bwana Harusi ulimfahamu?

Mtu yule alishusha mfuko.

— Mrefu, fundi, akiimba anashika bezi?

— Ndiyo.

— Shimo lilititia Jumatatu ya Pasaka. Wanne tuliwatoa wazima. Yeye hapana. Tukamzika wenyewe, mstari wa mwisho, karibu na ua wa michongoma. Ubao niliuandika mimi kwa rangi nyekundu. Alikuwa anatuchosha kila siku, Desemba naoa, Desemba naoa. Ndiyo tukamwita hivyo.

Kisha akamwona mtoto mgongoni. Alisimama pale mpaka gari lake likajaa likaondoka bila yeye.

Asubuhi yake Loveness hakuwasha jiko. Alimfunga Blessing mgongoni, akapanda Mwika, akaulizia nyumba ya Mama Davis. Alimkuta uani, begi limeshafungwa, na karatasi mpya zenye picha zimelundikwa juu ya kigoda na kukandamizwa kwa jiwe. Jumatatu alikuwa anarudi Kaza Moyo.

Loveness alimwamkia. Akasema yote akiwa ameinamisha kichwa, akaanza na jina, kwa sababu mengine yangeweza kungoja.

Mama Davis hakulia. Alizitoa zile karatasi kwenye kigoda, akakaa.

— Rangi nyekundu, alisema. Karibu na michongoma.

— Ndiyo, mama.

— Niliusoma ubao ule. Jua lilikuwa kali, nikapumzika palepale. Nikasema maskini, huyu kwao walikuwa wanangoja harusi. Nikamwombea mama yake.

Loveness alifungua kanga, akamshusha mtoto, akamweka mapajani mwa bibi yake.