Kabati la Kubebeka

Baba yangu, Mwalimu Ilunga, alifundisha shule ya Wamethodisti miaka thelathini, na babu yangu Mwilambwe alikuwa karani wa reli. Kamina nzima iliwaheshimu, nami nasema kwa jina lao. Juzi, katika treni itokayo Bukama, nilikaa mkabala na Alimasi, fundi wa makabati asiyejua kunyamaza, na mjane mmoja aliyetaka kabati la jikoni.

"Mama, kamata ya mbao," alisema Alimasi. "Ile ya melamini iko unga ya mbao tu. Mayi ikiingia, inavimba sawa mukate."

"Papa, bwana yangu alijengaka ya mbao mu kikuta ya nyumba. Sasa alishakufa, nyumba njo ya kazi yake, bakubwa ba kazi banasema nitoke na kabati ibakie. Minyi nataka yenye kufunguka na turnavisi, ile bisibisi, nibebe."

"Utabeba mupaka wapi?"

"Kwa mutoto wangu wa kwanza, ule alishaoa. Bibi yake akichoka na minyi, kwa wa pili."

Fundi akaacha kusifu mbao, jambo ambalo sikulitarajia kabla ya Kamina. Treni iliposimama, mama alikuwa akiuliza kama melamini ni nyepesi.

Enyi vijana, nasema nanyi na mnisikie: mjengeeni mama yenu nyumba kwanza, kisha ndipo mbishane juu ya ubao wa kabati.