Magdalene Nyokabi na Rika Lake

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko kazini, tupe sikio moja, hilo lingine mwachie bosi wako. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye wengi wenu mlimjua, na wengine mlivaa kazi ya mikono yake.

Jina lake ni Magdalene Nyokabi. Alizaliwa Gitothua, hapa Ruiru. Alikuwa fundi wa nguo mtaa wa Landless, Thika. Ameaga dunia mwezi uliopita kwa homa ya mapafu, akiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja.

Narudia, wasikilizaji wapendwa. Miaka thelathini na mmoja. Narudia kwa sababu watu wengi waliomwona Magdalene hawakuamini. Alikuwa na kimo cha mtoto wa darasa la nne. Sauti yake ilikuwa nyembamba, na uso wake ulikuwa laini. Ukimkuta kwenye kituo cha basi ungemuuliza, "Mama yako yuko wapi?" na yeye angekujibu, "Yuko kwake. Wako je?"

Magdalene alikua kama watoto wengine mpaka akafika miaka tisa hivi. Hapo kimo kikasimama. Mama yake, Mama Syokau, alimpeleka kwa madaktari, nao wakamwambia mwili wake hautoi ile homoni ya kukuza. Dawa ilikuwepo, lakini haikuwa ya mkono wa mjane anayeuza mboga Gitothua.

"Mwili ulisimama," Mama Syokau alituambia tulipomtembelea. "Lakini kichwa kiliendelea kutembea. Kilikuwa kinatembea mbio, mpaka kinanishinda mimi."

Akasoma. Darasa la nane akapita. Kidato cha nne akamaliza. Na Januari iliyofuata, akiwa na miaka kumi na minane, akapata kazi Thika mjini, katika duka la vitambaa la mama mmoja anayeitwa Savita. Savita amezaliwa Thika, wazazi wake wamezaliwa Thika, na duka hilo lilikuwa la babu yake. Magdalene alipewa mkasi, kipimo cha utepe, na kibao cha kukanyaga nyuma ya kaunta.

"Watu walidhani nilimchukua kwa huruma," Savita alituambia. "Huruma gani? Kuna hariri ukiishika vibaya inakimbia mkasi. Kwa Magdalene ilikuwa inalala tu. Huyo msichana nilimchukua kwa mikono yake."

Kitambulisho cha taifa Magdalene hakuwa nacho bado. Alikuwa amekwenda mara moja kuomba. Karani akamtazama, akamtazama mama yake, akasema, "Mama, mrudishe huyu akikua." Wakarudi nyumbani. Magdalene hakulia. Alisema tu atarudi, na siku hiyo karani ndiye atakuwa amekua.

Sasa wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Asubuhi moja waliingia maafisa wawili dukani, na askari mmoja nyuma yao. Mtu fulani alikuwa amepiga simu kwamba kuna mtoto anafanyishwa kazi. Wakamkuta Magdalene juu ya kibao chake, anakata kitenge cha mteja.

"Wewe, kwa nini hauko shule?" afisa mmoja akamuuliza.

"Nilimaliza."

"Ulimaliza darasa la ngapi?"

"Form four."

Maafisa wakaangaliana, wakacheka. Yule askari hakucheka. Alimgeukia Savita na kumwambia afunge duka, watembee naye mpaka kituoni.

Magdalene aliwafuata. Hakuna aliyemwita, lakini aliwafuata. Barabarani watu walisimama kutazama. Alisikia mtu akisema, "Ona Muhindi, anatumia watoto." Maneno hayo yalimchoma kuliko yale ya karani. Kwa sababu ya karani yalikuwa yake peke yake. Haya yalimwangukia mtu mwingine, mtu aliyemwamini.

Jioni hiyo Savita aliachiliwa kwa sharti. Alipewa wiki moja alete uthibitisho kwamba Magdalene ni mtu mzima. Asipoleta, atafikishwa kortini kwa kosa la kumwajiri mtoto. Uthibitisho kwamba Magdalene ni mtu mzima: huo tu ndio uliotakiwa. Na afisa akawaonyesha njia ya mkato: "Nendeni hospitali, apigwe picha ya mkono. Mifupa haidanganyi."

Kesho yake Magdalene na mama yake walikuwa hospitalini. Wakapanga foleni, wakaitwa. Daktari alikuwa kijana mpole. Magdalene alikuwa ameshakaa, kiganja kimewekwa mahali pake, alipouliza, "Daktari, hii picha inaangalia nini?"

"Inaangalia mifupa imekomaa kiasi gani. Tunalinganisha na ya watu wengine, ndiyo tunakadiria miaka."

"Na kama mtu mifupa yake ilisimama?"

Daktari akasoma tena karatasi waliyomletea. Akamtazama vizuri, kama ndiyo kwanza anamwona. "Basi itatoa miaka kidogo," akasema. "Kumi na moja. Labda kumi na mbili. Na mimi lazima niandike ninachoona."

Magdalene akaondoa mkono. Akavaa sweta lake.

"Nyokabi! Unaenda wapi?" mama yake akamwita. "Tumeambiwa picha!"

"Mwaitu, hiyo picha itamfunga Savita."

Mwaitu ni mama, kwa Kikamba. Magdalene alikuwa na jina la bibi yake Mkikuyu, lakini yeye alimwita mama yake mwaitu maisha yake yote.

Walirudi Gitothua. Mama Syokau alikuwa na hofu. Alituambia hakuificha. "Nilifikiria nimwambie aache hiyo kazi, akae nyumbani, yaishe. Nikamwangalia, nikaona nikisema hivyo nitakuwa nimesema yeye kweli ni mtoto."

Mama akatoa alichokuwa nacho, akakitandaza kitandani. Kulikuwa na cheti cha kuzaliwa, lakini kilitafutwa Magdalene akiwa darasa la saba, kama wengi wetu. Afisa angesema ni cha juzi, mtu yeyote anaweza kuandikisha. Kulikuwa na kadi ya ubatizo, lakini padri aliyeiandika alishahama. Kadi ya kliniki ilipotea zamani waliponyeshewa. Na kulikuwa na cheti cha darasa la nane.

"Chagua wewe," mama akamwambia. "Ni miaka yako."

Magdalene alivitazama. Akachukua cheti cha darasa la nane.

"Hicho hata hakina tarehe ya kuzaliwa," mama akasema.

"Najua. Lakini hivi vingine shahidi ni wewe peke yako, mwaitu, na watasema mama humtetea mwanawe. Hiki kiko na shahidi darasa zima."

Wasikilizaji wapendwa, msichana huyo akachukua simu ya mama yake, akampigia Lenny.

Lenny alikuwa kiranja wao wa darasa. Wakati huo alikuwa ameanza kunyoa watu Ruiru, na yeye mwenyewe alikuwa na ndevu za kutosha watu wawili. Yuko hai, anasikiliza kipindi hiki, na amekubali nitumie maneno yake.

"Aliniambia, 'Niaje Lenny, uko na ID?' Nikamwambia niko nayo. Akaniambia, 'Ikuje na wewe. Na utafute wengine wa class yetu wenye wako nazo.' Sikuuliza maswali mob. Huyo dem ndiye alikuwa ananiokoa kwa hesabu. Nikafunga kinyozi."

Siku ya siku ikafika. Savita alikuja kituoni na mume wake, Indravadan, ambaye hakuwa amelala vizuri wiki nzima. Mama Syokau alikuja na kitambaa cheupe cha kanisani. Magdalene alikuwa amevaa sketi aliyojishonea mwenyewe.

Afisa akauliza, "Mmeleta picha ya hospitali?"

"Hapana," Magdalene akasema. "Nimeleta rika langu."

Akafungua mlango. Wakaingia. Lenny mbele na ndevu zake. Vijana wa mkokoteni, wasichana wa saluni, mmoja anasomea ualimu, mwingine ametoka kwenye machimbo ya mawe na vumbi bado kichwani. Wote wa darasa moja, shule moja ya msingi pale Gitothua, mwaka mmoja. Kila mmoja akaweka kitambulisho chake mezani, na juu yake cheti chake cha darasa la nane. Magdalene akaweka chake juu kabisa. Shule ile ile. Mwaka ule ule.

Afisa akaanza kusoma. Alisoma cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kisha akasema polepole, "Na kama huyu alirushwa madarasa? Kuna watoto wana akili."

Hilo Magdalene hakuwa amelifikiria.

Ndipo aliposimama msichana mmoja aliyekuwa nyuma, mtoto mgongoni. Anaitwa Kaluki.

"Afande," akasema, "tulianza naye class one, siku moja. Alikuwa mrefu kuliko mimi. Muulize huyo Lenny, huyu Nyokabi ndiye alikuwa anafuta ubao kwa sababu sisi hatufiki. Tulikuwa tunakaa desk moja. Akasimama, sisi tukapita. Sasa mimi nimezaa, niko na mtoto mgongoni, na huyu wa desk yangu ndiye mtoto?"

Mtoto wa Kaluki akaamka, akaanza kulia. Mtu akacheka. Halafu chumba kizima kikacheka, pamoja na yule askari ambaye siku ya kwanza hakucheka.

Afisa hakucheka. Alisimama, akazunguka meza, akanyoosha mkono.

"Madam," akasema, "tumekusumbua."

Kesi ikaishia hapo. Savita alilia, Indravadan akamkumbatia kila kijana mle ndani, hata yule wa vumbi, shati lake jeupe likageuka rangi. Na ile kampani nzima ikatoka pale ikaenda moja kwa moja kuomba kitambulisho cha Magdalene. Afisa aliandika barua ya kuwasindikiza. Karani alikuwa yule yule. Safari hii aliuliza tu kama kamera ishushwe.

"Ishushe," Magdalene akamwambia. "Mimi siwezi kupanda."

Wasikilizaji wapendwa, maisha hayakuishia kwenye kadi. Magdalene alifanya kazi kwa Savita miaka sita, kisha akafungua karakana yake Landless. Alikuwa amechoka kununua nguo za watoto, zenye vipepeo na vikaragosi kifuani. Akaanza kushona suti za watu wazima wa miili midogo. Koti lenye mabega, gauni lenye kiuno. Wateja walitoka Murang'a, wakatoka Nairobi, wakatoka Machakos. Mwalimu mmoja mfupi alimwambia kwamba kwa mara ya kwanza alisimama mbele ya darasa bila kuvuta mikono ya koti.

Akajifunza kuendesha gari, pedali zikaongezwa urefu. Na kuna siku alikwenda na Lenny na Kaluki kula chakula cha jioni katika hoteli moja karibu na maporomoko ya Chania. Mlinzi akamzuia mlangoni, watoto hawaruhusiwi upande huo. Magdalene akampa kadi. Mlinzi akaisoma, akamwangalia, akaisoma tena.

"Karibu, madam."

"Asante, kijana wangu. Wewe ulizaliwa mwaka gani? Naona nimekuzidi."

Ndivyo alivyokuwa. Hakungoja kuheshimiwa ndipo atende kama mtu anayeheshimiwa.

Mwezi uliopita homa ya mapafu ilimshika, na mapafu yake yalikuwa madogo. Haikuchukua muda. Mama Syokau alikuwa amemshika mkono.

Nataka niwaambie jambo moja la mwisho, kwa ruhusa ya mama. Alipokwenda kutafuta jeneza, fundi Githae alipima urefu aliopewa, akamwonyesha jeneza jeupe. Kwetu nyeupe ni ya watoto.

"La urefu huu tuko na hili tu, mama. Pole sana kwa mtoto."

"Siziki mtoto," Mama Syokau akamjibu. "Nazika mwanamke. Nataka la mbao nyeusi, vishikio vya shaba, kama la mtu mzima yeyote."

"Mama, la urefu huo halipo."

"Basi litengeneze. Nitangoja hapa."

Akaketi juu ya rundo la mbao. Githae akamtazama, akachukua msumeno.

Jumamosi Magdalene alizikwa Gitothua, katika jeneza jeusi la vishikio vya shaba. Watu wawili wangetosha kulibeba. Lakini Lenny aliingia chini yake, na Kaluki, na kijana wa machimbo, na yule aliyesomea ualimu, na wa saluni, mabega yakabanana mpaka mbao hazionekani. Darasa zima lilimbeba mwenzao.

Kwa Mama Syokau, pole sana, mama. Kwa Savita na Indravadan, kwa wateja wa Landless, na kwa rika la Magdalene, poleni. Mungu awape nguvu.

Nasi tuliobaki, tujiulize. Leo, kabla jua halijatua, utakutana na mtu ambaye macho yako yatataka kumpunguza. Usiyasikilize macho. Msalimie kwa heshima, halafu umsikilize yeye.

Pumzika, Magdalene Nyokabi, mtu mzima.