Uji wa Chumba Namba Tisa

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka mama mkaguzi wa nyumba za kutunzia wazee. Alianza kama muuguzi, kisha akawa mkaguzi kwa miaka kumi na tisa. Wenzake walimwita Mama Hodi, maana hakupiga simu kabla ya kwenda. Alibisha tu.

Jumatatu moja, adhuhuri, alibisha kwenye nyumba ya wazee ishirini na wawili. Sakafu inang'aa. Mashuka meupe pe. Lakini kimya. Wazee wameketi ukumbini, macho nusu wazi, hakuna hata anayekohoa.

"Mama alituambia," anasema binti yake, "'Wazee ishirini na wawili, na hakuna anayelalamikia chai? Mwanangu, nywele zilinisimama.'"

Akaomba daftari la huduma. Chumba namba tisa: babu amekunywa uji saa moja. Amegeuzwa kitandani saa tatu. Amegeuzwa saa tano. Hajambo.

Akaenda chumba namba tisa. Kitanda kitupu, godoro limekunjwa. Juu ya kabati, bakuli la uji wa asubuhi ile, umefanya utando.

Mlangoni, bibi mmoja alimshika mkono. Akanong'ona: "Huyo walimtoa Jumatano, mwanangu. Kafunikwa gubigubi."

Tangu Jumatano, wasikilizaji. Siku tano, marehemu ananyweshwa uji daftarini.

Msimamizi wa nyumba, alipoulizwa, akacheka kidogo. "Kalamu imeteleza tu, mama."

"Na uji nao umeteleza?"

Yule bibi akamvuta tena. Akafumbua kiganja: vidonge vitatu vilivyolowa mate. "Wanatupatia kila asubuhi. Mimi natema."

Mama Hodi akavuta kiti, akaketi katikati ya wazee wale walionyamaza. "Sitoki humu mpaka daktari aje." Daktari alikuja. Zilikuwa dawa za usingizi. Wahudumu walikuwa wawili tu, na wazee waliolala hawasumbui.

Nyumba ikafungwa wiki ileile. Wazee wakahamishwa, wakaanza kuamka, mmoja mmoja.

"Baada ya hapo," anasema binti yake, "mama hakuandika neno kabla ya kumgusa kila mzee mkono. Alitaka kuhisi joto."

Mama Hodi ametutoka juzi, akiwa na miaka sabini na mmoja. Kwa binti yake na wajukuu: poleni sana. Msiba wenu ni wetu.

Nawe unayenisikiliza, una mzee wako mahali. Umeambiwa ni mzima. Huyo aliyekwambia, amemwona?