Sola ya Juu ya Bati ni ya Kristina

Sogeeni karibu, Emmanuel na wewe Judith, na mlango muuache wazi ili Kristina asikie kutoka jikoni, maana ninayotaka kusema yanamhusu mdogo wangu huyo kuliko yanavyowahusu nyinyi, na sitaki kesho mtu aseme mama yetu Angelina alikuwa anaweweseka. Ugonjwa uko kifuani, kichwani haujapanda. Nisikilizeni na msinikatize, kwa sababu pumzi iliyobaki nimeshaipangia kazi.

Shamba la Mgeta halina maneno. Nilipewa na mama yangu, naye alipewa na mama yake, na kwetu Waluguru ardhi hupita kwa mama, kwa hiyo ni la Judith na mabinti zake. Wewe Emmanuel ni mjomba wao. Utaisimamia mipaka na utaamua ugomvi, lakini mavuno si yako. Usinune, hilo ulilijua tangu unavaa kaptula. Nyumba hii ya Mwembesongo ni habari nyingine, nimeijenga kwa jasho langu mwenyewe, na ni yenu wote wawili, pamoja na vyumba vya uani na wapangaji wake. Msiiuze, na msiigawane kwa ukuta katikati kama walivyofanya majirani zetu, ambao sasa wanapikiana moshi.

Imebaki sola, na hiyo ndiyo iliyonifanya niwaite.

Mlikuwa bado shuleni kiwanda cha nguo kilipobinafsishwa na sisi wa mashine za kufumia tukapunguzwa. Wenzangu walichukua kiinua mgongo wakafungua maduka, kila mtu duka, mpaka mtaa mzima ukajaa wauzaji na mnunuzi haonekani. Mimi nilikuwa nimekwenda nyumbani Mgeta, kule mlimani, na kwenye zahanati ya masista nikaona taa inawaka bila jenereta kunguruma. Nikamtafuta fundi aliyeifunga, Ahmadi wa Dumila, nikamwambia anifungie na mimi. Akacheka, akasema, mama, mjini si una umeme wa waya? Nikamwambia ninao, na ndio unaonimaliza.

Nanyi mnakumbuka. Nyumba nzima ilikuwa na mita moja, na bili ikija tunasutana uani kama wake wenza, nani aliacha taa inawaka mpaka asubuhi, nani ana redio isiyozimwa, na mpangaji wetu Mwinjuma fundi cherehani na pasi yake ya umeme kutwa kucha. Watu walisema Angelina amepagawa, amechukua pesa ya uzeeni akaitandaza juani. Niliwaacha waseme. Taa zote, redio, televisheni na simu za kuchaji nikazihamishia kwenye sola, umeme wa waya nikauachia friji na hiyo pasi, basi, na bili ikashuka mpaka msoma mita akaigonga mita kwa kalamu yake akidhani imekwama. Judith, ada yako ya chuo cha ualimu ilitoka kwenye ile bili niliyoacha kuilipa. Nalisema kwa kujivuna, sina sababu ya kunyenyekea juu ya jambo nililolipatia.

Sasa juzi mlidhani nimelala. Emmanuel ulisimama hapo nje ya dirisha ukamwambia dada yako kwamba kuna mwenye baa Dumila anazitaka paneli zote na betri zake, na nikishazikwa mtazishusha, halafu Kristina mtampandisha gari arudi Mgeta, kwa sababu hana mtoto na bili hataiweza. Judith ulikaa kimya. Ukimya wako nao niliusikia, mwanangu, uliniuma zaidi.

Bili hataiweza mkishusha sola, hapo umesema kweli. Mkiiacha, ataiweza. Anagandisha barafu kwenye friji lile anawauzia wanafunzi, na kinachopatikana kinatosha umeme mdogo tunaotumia, kinabaki cha mboga, na hajamwomba mtu. Mkizishusha zile paneli hamuuzi vioo, mnamtoa mwanamke mzima kwenye miguu yake na kumfanya ombaomba katika nyumba aliyoipiga lipu kwa mikono yake.

Najua mnalolishikilia. Ni ile betri aliyoiua. Ahmadi alituambia betri inywe maji safi, ya bomba haiyataki, naye Kristina akafunga safari mpaka kwetu mlimani, akateka maji ya chemchemi ya ukoo, akayashusha kwa dumu kichwani mpaka barabarani, akaja akaimiminia betri kama anayemnywesha mgonjwa. Betri ikafa, kumbe maji ya chemchemi nayo yana chumvi ya mawe. Emmanuel ukamwita mshamba mbele ya wapangaji. Ningekuwa mimi ningefanya vilevile, kwa sababu tumelelewa tukijua hakuna maji safi duniani kuliko yale, na mpaka leo ukinipa ya chupa na yale nitachagua yale. Siku ile hakula. Chakula chake nilikirudisha jikoni nikilia. Tangu hapo ananunua maji ya betri dukani, na kila vumbi la kiangazi likishuka yeye ndiye anayepanda ngazi na kitambaa kuzifuta paneli, magoti yake hayo hayo yanayouma. Nyie mmepanda lini?

Basi shikeni neno langu. Sola yote, paneli na betri na nyaya zake, ni ya Kristina maadamu yuko hai, na chumba chake ni chake, na friji ni lake. Asipande mtu na bisibisi. Siku Mungu atakapomchukua, mtakaa mkubaliane. Huyo mwenye baa mwambieni akanunue dukani, siku hizi kila kitu ruksa, paneli zimejaa. Na Mwinjuma mwambieni nimeshamsamehe ile habari ya pasi. Tulinuniana miaka kwa jambo la kijinga, naye amekaa nami hapa wiki nzima akinisomea gazeti. Akija msibani apewe kiti cha mbele.

Niinulieni mto. Hapo, hapo panatosha.

Mnizike Mgeta, karibu na mama. Msikope kwa ajili ya kulisha watu, wapikieni kilichopo. Mungu awatunze, wanangu. Awape watoto wanaorudi nyumbani. Emmanuel, una moyo mzuri, umeuwekea haraka tu. Judith, sema unapoona jambo. Sema, usingoje mtu mwingine.

Maji... hapana, acha. Bado moja.

Mimi nikienda, mama yenu ni yeye. Kwetu mdogo wa mama ni mama, na mama hapandishwi gari. Mnamwita mama mdogo, hilo neno la mdogo liondoeni leo, mimi nikiwa nasikia. Emmanuel, geukia mlangoni umwite. Sema mama, basi. Kwa sauti, baba, masikio yangu yamekwenda mbali.

Tena.

Ameitika... Mpisheni, apite. Kristina, njoo ukae hapa nilipo. Wanao wanakuita.